Vikao vya Maabara na Ulezi wa Kitaaluma: Majibu kwa Wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini

Barua za safari hii zimetoka kwa wanafunzi na wahadhiri wa Mbeya, Iringa na Njombe. Karibu zote zinaeleza hali moja: watu wanafanya utafiti pamoja bila kuambiana waziwazi kila mmoja anamtarajia mwenzake afanye nini. Majina ya walioandika tumeyahifadhi.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili Mbeya, ninatafiti ugonjwa wa baka jani chelewa kwenye viazi mviringo. Kila Jumatatu kikao cha maabara huchukua saa tatu, kila mtu akieleza alichofanya. Kwa wiki kadhaa sina matokeo kwa sababu sahani zangu za kuoteshea kimelea cha ugonjwa huo zinaharibiwa na bakteria. Je, niombe udhuru?

Usiombe udhuru. Kimelea unachokitafuta hukua polepole katika chakula cha maabara, na bakteria waliokuwa kwenye jani hukitangulia; ndiyo maana wengi hutia viuavijasumu katika chakula hicho. Yumkini yupo mwenzako aliyekwisha kupambana na tatizo hilo hilo. Nenda na picha za sahani, tarehe za kupandikiza na jina la kijiji yalikotoka majani, kisha uulize swali moja mahususi. Fikiria pia msimu: mvua zetu huanza Novemba na kuishia Aprili au mwanzoni mwa Mei, kwa hiyo mtu anayetegemea majani mabichi yenye ugonjwa kutoka mashamba ya mvua, akificha tatizo lake hadi Mei, huenda akalazimika kusubiri msimu mwingine.

Hata hivyo, saa tatu ni nyingi mno. Kikao ambacho kila mmoja anazungumza na profesa peke yake huku wengine wakitazama simu ni foleni tu. Pendekezeni mtu mmoja aeleze kazi yake kwa kina kila wiki, na waliosalia watoe sentensi mbili tatu kila mmoja.

Nasoma shahada ya uzamivu Iringa. Msimamizi wangu ni mtu mzima ninayemheshimu kama baba. Nilimpa sura ya pili muda mrefu uliopita, na kila tukikutana ananiambia ataisoma. Nikimkumbusha, si nitaonekana sina adabu?

Kukumbusha si utovu wa adabu, ila namna ya kukumbusha ina adabu yake. Usimshike kwenye korido mara tu baada ya shikamoo, kwa kuwa hapo jibu lake haliwezi kuwa lingine ila lile unalolipata kila siku. Mwandikie ujumbe mfupi wenye salamu, kichwa cha sura, siku uliyoiwasilisha, na siku mbili unazopendekeza mkutane ili achague mojawapo. La muhimu zaidi, usimrundikie sura nzima isiyo na swali. Mwonyeshe kurasa tatu au nne unazohitaji uamuzi wake na umweleze ni uamuzi gani. Mtu mwenye shughuli nyingi huahirisha kazi asiyojua mwisho wake.

Mkishakutana, mtumie siku hiyo hiyo muhtasari wa mlichokubaliana: nani atafanya nini na kwa tarehe ipi. Muhtasari huo unawalinda nyote wawili. Kama utafiti wako unahusisha watu, una kazi nyingine pia, kwa sababu badiliko katika dodoso au utaratibu ulioidhinishwa hupaswa kupata kibali cha kamati ya maadili kabla ya kutumika, na ni vizuri ijulikane liliamuliwa lini.

Ukimya ukiendelea, mwambie yeye kwanza kwamba unakusudia kuomba msaada wa msimamizi wa pili au mratibu wa masomo ya juu katika idara, ili asilisikie jambo hilo kwa watu wengine. Na kama chuo chako kina fomu ya maendeleo, usijaze kwamba kazi inaendelea vizuri ilhali imesimama. Wanafunzi wengi hufanya hivyo kwa heshima, kisha baadaye hawana maandishi yoyote ya kuwatetea.

Ni mhadhiri mpya Mbeya, nina wanafunzi watano wa utafiti. Kwenye kikao wanasema "ndiyo Daktari," kisha wanafanya tofauti. Nikutane nao mara ngapi?

Anayeanza andiko la utafiti anahitaji nusu saa kila wiki. Anayeandika tasnifu anaweza kukaa wiki mbili kati ya kikao na kikao. Lakini idadi ya vikao si tatizo lako kubwa. Wanafunzi hawa wamelelewa wakijua kwamba mdogo hambishii mkubwa, na swali la "Mmeelewa?" lina jibu moja tu. Badala yake uliza, "Kesho asubuhi utaanza na nini?" Acha aliyejiunga mwisho azungumze kwanza, uenyekiti uzunguke, nawe useme mwishoni.

Kisha andika ukurasa mmoja wa matarajio na mwujadili pamoja: utarudisha rasimu baada ya siku ngapi, nani analipa nauli ya kwenda shambani, daftari la maabara linabaki wapi mtu akihitimu, likizo inaombwaje. Kumtuma mwanafunzi sokoni au kumfuata mtoto wako shuleni kusiwemo, hata akisema hana shida. Waruhusu pia watafute mlezi mwingine wa kitaaluma nje ya maabara yako. Hakuna msimamizi anayejua kila kitu kuhusu ajira, ufadhili na uandishi.

Nafundisha sekondari Njombe na siwezi kufika kikao cha Ijumaa chuoni.

Tuma maelezo ya ukurasa mmoja siku moja kabla na uombe dakika kumi za simu ya kawaida, kwa kuwa video hukwama. Fika mwenyewe kabla ya kukusanya data na kabla ya kuanza uchambuzi.

Mkuu wa maabara anataka jina lake liwe katika kila makala kwa sababu vifaa ni vyake, ilhali fundi sanifu aliyepima sampuli zote hatajwi. Hii ni haki?

Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba imeweka masharti 4 ya mtu kuhesabiwa mwandishi wa makala, na yote yanapaswa kutimizwa: mchango mkubwa katika kubuni utafiti, kupata data au kuzichambua; kuandika au kuhakiki makala kwa kina; kuidhinisha nakala ya mwisho; na kukubali kuwajibika kwa kazi hiyo. Kumiliki vifaa au kutafuta fedha pekee hakutoshi. Mchango huo huwekwa kwenye shukrani. Fundi sanifu aliyepima sampuli anaweza kuwa ametimiza sharti la kwanza, na akiwa ametimiza, anastahili kupewa nafasi ya kuisoma rasimu na kuihakiki ili atimize mengine. Jarida lako likiwa si la tiba, soma mwongozo wake.

Mwandikie mkuu wa maabara orodha ya nani alifanya nini, bila kupendekeza nani aondolewe, kisha umwombe mkae na kupanga majina kabla makala haijatumwa. Ikishatumwa, jarida linaweza kudai maelezo na sahihi za waandishi wote, akiwemo anayeondolewa.