Chakula cha Sichuan ukiwa Entebbe

Dada, kwa saa sita unazosubiri ndege ya kuunganisha, usikimbilie Kampala. Ni kama kilomita 40, na hata ukipita barabara ya kulipia, foleni ya kuingia mjini itakula muda wako. Kaa Entebbe mjini, dakika chache tu kutoka uwanjani.

Ukifika kwenye mgahawa wa Kichina, usiagize wali wa kukaanga. Omba menyu ya Kichina, ile wanayopewa Wachina wenyewe, kisha muulize mpishi katoka jimbo gani. Akisema Sichuan, mwombe mapo doufu: tofu laini na nyama ya kusaga, pilipili nyekundu, na ile huajiao, kiungo cha Kichina kinachotia ganzi ulimi. Ganzi isipokuwepo, hiyo si mapo doufu.

Akisema Guangdong, jimbo ambalo upishi wake si wa ukali, usilazimishe pilipili, utamwonea. Mwambie akupikie sato mzima kwa mvuke, na tangawizi, vitunguu majani na sosi ya soya. Sato wa hapa anatoka ziwani moja kwa moja, na upishi ule hauna pa kuficha samaki aliyelala. Mimi ningemla huyo kwanza, kwa kweli.