Usiulize chakula kimefika wapi, uliza kimegeuka kuwa nini

Katika masomo ya jioni ya baiolojia ninayofundisha hapa Mbagala, nimeona wanafunzi wengi wakigawa umeng'enyaji wa chakula kwa kufuata viungo: mdomoni ni wa kimakanika, tumboni ni wa kikemikali. Mgawanyo huo ni mwepesi kukariri, lakini unapotosha, kwa sababu aina zote mbili huanza mdomoni na huendelea hadi kwenye utumbo mwembamba. Ninamshauri mwanafunzi, pamoja na mzazi anayemsaidia, aulize swali moja tu: je, chakula kimebaki kilekile katika vipande vidogo zaidi (huo ni umeng'enyaji wa kimakanika), au kimegeuka kuwa kitu kingine (huo ni wa kikemikali)?

Chukua muhogo wa kukaanga, kama ule unaouzwa Coco Beach, ila usiutie pilipili. Meno yanapousaga, wanga hubaki kuwa wanga. Ukiendelea kuutafuna bila kumeza, utamu huanza kujitokeza, kwa kuwa amilesi, kimeng'enya kilichomo kwenye mate, imekwisha kuanza kuukata wanga huo kuwa sukari iitwayo maltosi. Anayetaka kuliona jambo hili kwa macho agawe uji mwepesi uliopoa katika glasi mbili, moja aitie mate yake na nyingine maji, asubiri kidogo, kisha adondoshee ayodini kotekote. Uji wenye maji hugeuka bluu iliyokaribia weusi, na wenye mate hubaki na rangi ya hudhurungi ya ayodini yenyewe ikiwa wanga wote umekwisha kukatwa. Ninalipenda sana jaribio hili, kwani halihitaji maabara.

Tumbo nalo husukasuka na kukivuruga chakula, huku asidi na pepsini, kimeng'enya cha tumboni, zikivunja protini. Mwanasayansi Mfaransa Réaumur alizitenganisha kazi hizo mbili katika majaribio aliyoyaeleza mwaka 1752: alimlisha mwewe nyama iliyofichwa ndani ya vibomba vya chuma, na ndege huyo alipovitapika, nyama ilikuwa imelainika na kupungua ingawa tumbo halikuweza kuisaga.

Panapowatatiza wengi ni kwenye nyongo. Kwa kuwa ni majimaji yanayotengenezwa na ini, huihesabu kuwa humeng'enya mafuta kikemikali. Nyongo haina vimeng'enya vya kufanya kazi hiyo. Huyatawanya mafuta yawe matone madogo, na mafuta hubaki kuwa mafuta. Lipesi, kimeng'enya kutoka kwenye kongosho, ndiyo huyavunja na kutoa asidi za mafuta, nayo hufanya hivyo kwa haraka kwa sababu matone madogo huipa sehemu kubwa zaidi ya kushika.