Mwiko wa Montresor

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa: "Baada ya kumaliza shule, msamiati wako wa Kiingereza uliuongezaje?" Wangu niliuongezea makaburini. Mimi ni fundi uashi. Kidato cha nne nilikimaliza kwa alama za kuonea haya, na Kiingereza kilichonibakia kilikuwa cha saiti: lete, pandisha, bomoa.

Aliyenifundisha ni Edgar Allan Poe, Mmarekani aliyefariki mwaka 1849. Hakimiliki ya hadithi zake ilikwisha zamani, kwa hiyo unazipakua kwenye simu bure. Nilianza na "The Cask of Amontillado" ya mwaka 1846, na kisa cha kuianza ni kijana mmoja pale saiti aliyeniambia kuna hadithi ya mtu aliyemjengea mwenzake ukutani angali hai. Nikasema hiyo lazima niione, kajengaje.

Montresor katukanwa na Fortunato. Anamlewesha, anamteremsha kwenye mahandaki ya mifupa ya ukoo wake, anamfunga mnyororo ndani ya kidaka, kisha anatoa mwiko na kuanza kuziba. Kozi, yaani safu za mawe, kumi na moja. Nilipiga hesabu: kidaka kina kimo cha futi sita au saba, basi kila kozi ni inchi saba hivi. Inakubali. Huyu mwandishi kazi ya watu hakuidanganya.

Hapo "trowel" (mwiko), "mortar" (udongo wa kujengea) na "tier" (kozi) yaliniingia bila kamusi, maana mkono ulishayajua, ulikuwa unasubiri majina tu. Hata "nitre", ile chumvi nyeupe inayoota ukutani kwenye unyevu. Nimekulia Pangani, kuta za zamani zinavyotoka chumvi sihitaji kuelezwa.

Kuna na utani humo. Fortunato anashangaa kusikia mwenzake ni "mason", neno ambalo pia ni mwashi, lakini yeye akimaanisha Frimasoni, hawa tunaowatupia kila aliyetajirika ghafla. Anadai aoneshwe ishara, na Montresor anachomoa mwiko chini ya joho. Nilicheka peke yangu saa tano usiku, mke wangu akageukia ukutani. Nikawaza kwamba kwa Kiswahili Poe angeupata utani mwingine bila jasho: mwiko wa kupakia udongo, na mwiko wa jambo lisilofanywa.

Lakini maneno yaliyonitoa jasho yako aya ya kwanza kabisa. Montresor anasema kuadhibu hakutoshi, ni lazima aadhibu "with impunity", yaani mkono wa adhabu usimfikie yeye. Halafu anaongeza kwamba kosa hubaki "unredressed" iwapo "retribution", yaani adhabu, itamkuta "redresser". Sentensi hiyo nilikaa nayo siku nne. Siku ya tatu, nikiwa juu ya jukwaa napiga lipu, ndipo nilipong'amua kuwa ni mnyambuliko kama wetu tu: redress, redresser, unredressed, lipa, mlipaji, isiyolipwa. Tangu siku hiyo daftarini siandiki tena neno na maana yake. Naandika sentensi nzima, na pembeni anayesema ni nani na ana nia gani. "Impunity" likitajwa redioni leo, namwona Montresor anatabasamu.

Mwaka uliofuata nililetewa mkataba wa kazi ndogo ya uzio. Kifungu cha mwisho kilisema fundi hatakuwa na haki ya "redress" malipo yakichelewa. Nikaweka kalamu mezani. Wenzangu wawili walisaini, na hela zao wanazisubiri mpaka sasa.

Msidhani mambo yalininyookea. Katika "The Tell-Tale Heart" ya mwaka 1843, muuaji anawaambia wasomaji "Hearken!", yaani tegeni sikio. Likanipendeza. Asubuhi moja nikamwandikia injinia wetu, mgeni, kwenye simu: "Hearken, cement is finished." Alipofika saiti alikuwa bado anacheka, na kwa wiki nzima kila akinipita ananiita Hearken. Neno lenyewe limezeeka, kumbe. Sasa kamusi naitumia kwa kazi hiyo hasa, kukagua kama neno bado linatembea mitaani au lilishazikwa na Poe mwenyewe.

Matoleo yaliyorahisishwa, yale ya wanafunzi, sishauri. Yanayoondolewa humo ndiyo maneno uliyoyafuata. Afadhali kurasa sita za asili zikuchukue mwezi. Hadithi ya kutisha inakusaidia kwa kuwa hulali kabla hujajua kilichotokea, na njia ya kujua inapita kwenye neno lile gumu. Huwezi kuliruka kama kwenye taarifa ya habari.

Hivi sasa nipo kwenye "The Fall of the House of Usher". Hii ni nzito, sentensi moja inaweza kunila jioni nzima, na "tarn" nililazimika kulitafuta: ni kiziwa, na maji yake ni meusi mbele ya jumba. Bado sijafika mwisho. Ila mapema tu, mgeni anapofika, anaona ufa mwembamba ukianzia paani, unashuka ukutani kwa mapindapinda hadi kuzama kwenye maji yale. Poe anauita "fissure". Hilo sikulitafuta. Ufa wa namna ile unatoka kwenye msingi, na nyumba ile ninajua inakoelekea.