Pete ya fedha ionekane ya kale

Umeuliza utaifanyaje pete yako ya fedha iwe nyeusi kama ya zamani bila kununua kemikali. Tumia yai. Kwanza ioshe pete kwa sabuni, maana mafuta ya vidole huzuia rangi kushika. Chemsha yai mpaka kiini kigande, liponde lingali moto, ulifungie kwenye mfuko wa plastiki pamoja na pete, lakini visigusane, la sivyo utapata mabaka. Kinachofanya kazi ni gesi yenye salfa inayotoka kwenye yai (ndiyo, itanuka). Fedha itaanza umanjano, iwe hudhurungi, kisha kijivu kizito; itoe ukiridhika. Sugua sehemu zilizoinuka kwa kitambaa, weusi ubaki ndani ya nakshi. Pete ikiwa na lulu au feruzi (kito cha rangi ya buluu-kijani), usijaribu.