Kwa nini hawakukimbilia dripu?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu alizidiwa na homa, mikono baridi. Nililia atundikiwe dripu ya haraka, wakakataa. Kwa nini? — Mama wa Pasua, Moshi

JIBU: Marahaba, mama. Pole sana. Nilipoanza kazi ya dharura za watoto, nami nilikuwa namimina maji ya dripu mbiombio. Mwaka 2011 ukatoka utafiti wa watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, waliozidiwa na homa kama mwanao: kati ya waliomiminiwa, takriban 10.5 kwa 100 walifariki ndani ya saa 48, wasiomiminiwa, 7.3. Niliusoma mara mbili, machozi yakinilenga. Siku hizi kwanza nabonyeza ukucha, nahesabu sekunde mpaka rangi irudi. Zikizidi tatu, damu haizunguki vizuri, nami sibanduki kitandani pake. Aliyekaukiwa kwa kuharisha ni habari nyingine kabisa: akiweza kunywa, mpe ORS (maji ya chumvi na sukari ya pakiti) njiani mkija.