Umeme gani huo unaoukokotoa?

Msomaji anauliza: "Katika sentensi 'kukokotoa umeme unaozalishwa na sumaku inayopita ndani ya koili', tuseme unaozalishwa au unaofuliwa?"

Yote mawili yanafaa. Kufua ni kazi ya mhunzi, ikahamia kwenye mitambo. Kuzalisha ni kazi ya mkunga, nayo ikahamia huko huko. Chagua utakalo, sitakukemea.

Nitakukemea kwa hilo neno *umeme*. Zamani lilikuwa ule mwako wa angani kabla ya ngurumo, basi. Leo tumelibebesha volti, ampea, wati na jouli, kisha mtu anatuambia "amekokotoa umeme"! Ni sawa na kusema, "Nimempima mtoto, amepata 30." 30 nini? Kama ni kilo, mpe chakula aendelee kukua. Kama ni nyuzi za joto, unangoja nini hapa? Mkimbize hospitali!

Chukua koili, yaani waya uliozungushwa, ya mizunguko 200. Sumaku ipite, flaksi (kiasi cha usumaku unaopenya) katika kila mzunguko ibadilike kwa kasi ile ile, kwa weba 0.001 (weba ni kipimo chake) ndani ya sekunde 0.1. Kwa kanuni ya Faraday, kwamba volti hufuata kasi ya kubadilika kwa flaksi, zidisha 200 kwa 0.001, gawanya kwa 0.1: volti 2. Umekokotoa umeme? Hujakokotoa! Ncha za waya zikiwa wazi, volti zipo na mkondo haupo. Hata taa ndogo haitawaka. Ziunganishe, ukinzani wote, na wa koili yenyewe ukiwemo, uwe omu 10. Hapo, tukiacha athari ya mkondo wenyewe kwenye flaksi, unapata mkondo wa ampea 0.2, yaani nguvu ya wati 0.4, na kwa muda ule mfupi nishati ya jouli 0.04. Majibu manne, na kila moja kuna mtu huliita "umeme". Ukiiacha sumaku imetulia mle ndani, yote manne ni sifuri, hata iwe na nguvu namna gani.

Kibao cha "Hatari, umeme mkubwa" nakisamehe, ingawa fundi angesema msongo mkubwa, yaani volti nyingi. Anayekisoma anatakiwa akimbie, si apige hesabu. Wewe umesema unakokotoa.

Basi andika: "kukokotoa volti zinazopatikana sumaku inapopita ndani ya koili." Na ukitazama vizuri, mhunzi na mkunga wote wameshaondoka.