Je, Panki Inaiharibu Bleki Metali?

SWALI: Ndugu Mhariri, kwa miaka mingi nimezipenda albamu ambazo bendi ya Darkthrone ya Norwe ilizitoa kati ya mwaka 1992 na 1994. Hivi karibuni niliisikiliza albamu yao ya mwaka 2006, nikakuta panki, ule muziki wa roki wa haraka na wa hasira, imejaa humo. Rafiki yangu anashikilia kwamba waliisaliti bleki metali, ule muziki mzito wa magitaa wenye giza na ubaridi uliowapa jina. Je, miziki hii miwili huchanganyika kweli, au mmoja huumeza mwingine?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Ndugu msomaji, rafiki yako anaanza kuhesabu katikati ya safari. Jina lenyewe la bleki metali lilitokana na albamu ya pili ya Venom, bendi ya Newcastle, Uingereza, iliyotoka mwaka 1982, na ukali wa albamu hiyo una panki ndani yake. Mwaka huohuo Discharge, wanapanki wa Stoke-on-Trent waliopinga vita vya nyuklia kwa hasira kubwa, walitoa albamu yao ya kwanza; bendi ya Hellhammer ya Uswisi, ambayo Wanorwe waliienzi sana, ilijifunza mengi kutoka kwao. Kwa hiyo Darkthrone mwaka 2006 walikuwa wanarudi nyumbani kwa wazee wao, na mimi naiona albamu hiyo kuwa ya kweli kabisa.

Hata hivyo, swali lako la kumezana ni zito, na jibu lake liko kwenye ngoma. Mdundo wa Discharge huenda du-ka, dudu-ka: teke la ngoma kubwa, pigo la ngoma ndogo, mateke mawili ya haraka, kisha pigo tena, nao humsukuma msikilizaji mbele. Katika bleki metali ya Norwe, ngoma hizo mara nyingi hupigwa kwa kasi moja isiyobadilika, kama mvua juu ya mabati, huku mpiga gitaa akikwangua nyuzi juu na chini bila kupumzika mpaka sauti ziungane na kuwa ukungu. Ukiuweka ukungu huo juu ya du-ka, dudu-ka, kila pigo huupasua, na ule ubaridi unaoupenda hupungua; ndiyo maana bendi nyingi zinazochanganya bila kufikiri hubaki na kelele isiyo na panki wala metali. Wanaofaulu huamua mapema ni kipi kitawale, ngoma au gitaa, kisha kingine hukifuata.

Upande wa kurekodi hauna ugomvi wowote. Albamu ya Darkthrone ya mwaka 1994 ilirekodiwa nyumbani kwa mashine ya njia nne tu, yaani kifaa rahisi kinachorekodi sauti nne kando kando, na hakuna mwanapanki ambaye angeiona aibu.

Mpigie rafiki yako nyimbo za Hellhammer kwanza, kisha albamu ya mwaka 2006, bila kumtajia miaka, halafu umwombe akuonyeshe usaliti uko wapi.